Dar es Salaam hadi Mtwara kwa ndege: umbali, muda na maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya sisi wauza tiketi tumeyaokota kaunta, kwenye simu na kwenye meseji za watu wanaotaka kusafiri kati ya Dar es Salaam na Mtwara. Tumeanza na yale ya kila siku, yale ya nadra yako mwishoni. Muda wa safari tumeuandika kwa dakika kwa makusudi, na ukifika kwenye swali la saa utaona kwa nini.

## Umbali

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita ngapi kwa ndege?

Ni kama kilomita 397 kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Ndege wa Mtwara. Marubani hawasemi kilomita. Wao hutumia maili ya baharini, ambayo moja ni mita 1,852, kwa hiyo kwao safari hii ni maili 214. Ukikuta mahali pameandikwa 247, hizo ni maili za nchi kavu, za mita 1,609 kila moja. Umbali ni uleule, kilichobadilika ni kipimo.

Mbona kwa basi tunaambiwa ni zaidi ya kilomita 550?

Kwa sababu barabara haiwezi kukatisha baharini. Chukua ramani uweke rula kutoka Dar hadi Mtwara: rula itapita juu ya delta ya Rufiji, itaingia baharini, itaiacha Kilwa upande wa bara, kisha itarudi nchi kavu karibu na Mtwara. Basi lenyewe linashuka Kibiti, linavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, linapita Somanga, Nangurukuru, Mchinga na Lindi mjini, linazunguka ghuba ya Lindi hadi Mingoyo, ndipo linageukia Mtwara. Mizunguko hiyo inaongeza zaidi ya kilomita 150.

Kwa nini kila tovuti inatoa namba yake?

Nyingine zinapima katikati ya mji hadi katikati ya mji, nyingine uwanja hadi uwanja. Uwanja wa Dar uko kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, na wa Mtwara uko nje ya mji upande wa kusini, kwa hiyo tofauti ya kilomita kadhaa ni ya kawaida. Halafu kuna zinazochukua dunia kama mpira kamili na kuna zinazokumbuka kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha. Kwa safari fupi kama hii, hiyo ya pili ni tofauti ya kilomita moja au mbili tu. Ukiona 395 au 400, usigombane na mtu.

Msimbo wa uwanja wa Mtwara, zile herufi tatu za kwenye tiketi, ni MTW?

Hapana, ni MYW. Anayeandika MTW kwenye programu ya kutafuta tiketi anapelekwa Manitowoc, mji wa jimbo la Wisconsin huko Marekani, ambao ulishachukua herufi hizo. Dar es Salaam ni DAR, Lindi ni LDI. Marubani na waongoza ndege wana misimbo yao ya herufi nne: HTMT kwa Mtwara na HTDA kwa Dar. HT ya mwanzo ndiyo Tanzania.

## Muda

Safari inachukua dakika ngapi?

Panga dakika 65 hadi 75. Huo ndio muda ambao ratiba za ndege za abiria kwa kawaida huuandikia safari hii. Angani kwenyewe ni pungufu ya hapo.

Kilomita 397 kwa ndege si nusu saa tu? Hizo dakika nyingine zinaenda wapi?

Hili ndilo swali linalotuletea ubishi kuliko yote, na anayeuliza huwa amepiga hesabu vizuri kabisa. ATR 72, ndege ya pangaboi, ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 500 kwa saa, hivyo kilomita 397 inazimaliza kwa dakika 48. Dash 8 Q400, nayo ya pangaboi, ile watu wanayoiita Bombadia, inafika kama kilomita 660 kwa saa: dakika 36. Airbus A220, ambayo ni jeti, inapita 800, kwa hiyo kwenye karatasi ni chini ya dakika 30.

Lakini muda wa tiketi hauanzi ndege ikiwa juu. Unaanza pale ndege inapoondoka ilipoegeshwa na unaisha pale inaposimama ilipofika. Ndani yake kuna kujikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri zamu (pale Dar zamu zipo), kupaa kwa mwendo ambao bado si mwendo kamili, kushuka taratibu, kuzunguka ili kuukabili uwanja kwa upande unaotakiwa, kutua, na kurudi hadi penye jengo. Kwenye safari ya saa nyingi mambo hayo hayaonekani. Kwenye safari fupi kama yetu yanakula karibu nusu ya muda wote.

Kwa hiyo usichague safari kwa kuamini kwamba ndege ya jeti itakufikisha nusu saa kabla ya pangaboi. Ukiweka saa mkononi utakuta tofauti ni dakika 10, pengine 15. Jeti haijamaliza kupanda inaanza kushuka.

Tovuti imeniambia dakika 60 kamili. Imepata wapi?

Kwenye kanuni ya jumla. Nyingi zinachukua umbali, zinagawa kwa mwendo wa jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa, kisha zinaongeza dakika 30 za kupaa na kutua. Kwa Mtwara inakuja dakika 30 na 30. Kanuni hiyo haijui ni ndege gani imepangwa siku hiyo wala upepo ukoje. Ratiba ya shirika lenyewe ndiyo ya kufuata.

Kwenda na kurudi ni muda sawa?

Karibu sawa. Kinachotofautisha ni upepo. Wavuvi wa Msangamkuu hawahitaji kuelezwa hili: kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili hadi Septemba au Oktoba, anayeshuka kusini anapigana nayo na anayepanda kaskazini anasukumwa. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka.

Tuseme upepo una mwendo wa kilomita 40 kwa saa na unaipiga usoni ndege inayokwenda 500. Juu ya ardhi inabaki na 460, na safari ya angani inakuwa dakika 52. Ikirudi na upepo uleule mgongoni inakwenda 540, dakika 44. Ni tofauti ya dakika nane. Jahazi lingetofautiana kwa siku.

Upepo ndio pia unaoamua ndege itatua Mtwara kutokea upande gani. Njia ya kuruka na kutua imelala karibu kaskazini kwa kusini, na namba zake, 01 na 19, zinamaanisha nyuzi 10 na nyuzi 190 za dira. Ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo wakati wa kusi mara nyingi inaingia kutokea kaskazini, upande wa mji na bahari. Wakati wa kaskazi inapita pembeni, inageuka huko kusini, ndipo inarudi. Abiria wa Dar akiona uwanja umempita dirishani anashtuka. Ndege haijapotea.

Rubani ametangaza dakika 45, tiketi inasema 70. Nani mkweli?

Wote. Rubani anataja muda wa angani, tiketi inataja muda wote (tazama swali la kilomita 397 hapo juu). Anayekuja kukupokea mpe saa ya tiketi.

## Saa za tiketi

Tiketi imeandikwa 13:05. Nifike saa ngapi?

Hiyo ni saa 7 na dakika 5 mchana. Tiketi zinahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, hivyo toa sita. 07:00 ni saa 1 asubuhi. 18:30 ni saa 12 na nusu jioni. Ikiwa namba ni ndogo kuliko sita, kama 05:40, ongeza sita: saa 11 na dakika 40 alfajiri.

Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wanaachwa na ndege. Mzee mmoja wa Newala alifika uwanjani saa 7 mchana, shati limenyooshwa, mfuko wa korosho begani, tiketi ya 07:00 mkononi. Kijana wake alikuwa amemsomea simuni: "Baba, ni saa saba." Ndege ilikuwa imeondoka tangu asubuhi. Alikaa kwenye benchi la nje kimya, kisha akauliza kama yeye ndiye aliyekosea au ni tiketi.

Hii ndiyo sababu hatusemi kwamba safari ni "saa moja na dakika kumi". Kuna aliyeelewa kwamba ndege inaondoka saa 1:10.

Nifike uwanjani mapema kiasi gani?

Dakika 90 kabla ya saa ya tiketi kwa upande wa Mtwara. Kwa upande wa Dar, fanya saa mbili, na ukiwa unatokea Mbezi au Kigamboni ongeza ya foleni. Kaunta ya kupokea mizigo inafungwa kabla ya ndege kuondoka, na muda wa kufunga umeandikwa kwenye masharti ya tiketi yako. Usomeni. Kuiona ndege imesimama pale nje hakumaanishi bado unaweza kuipanda.

## Ndege au basi

Kwa jumla ninaokoa muda gani nikipanda ndege?

Pima mlango hadi mlango. Mtu wa Shangani, Mtwara, anayekwenda Kariakoo: dakika 20 hadi uwanjani kwa bajaji, dakika 90 za kusubiri, 70 za safari, 20 au 30 za kungoja begi, kisha saa nzima ya barabara ya Nyerere kama foleni imekataa. Ni saa nne na nusu. Basi linaloondoka saa 12 alfajiri linakufikisha Mbagala Rangi Tatu mchana au alasiri, baada ya saa nane hadi kumi njiani, na Mbagala bado si Kariakoo.

Umeokoa kama nusu siku. Kama nusu siku hiyo inafaa nauli ni jambo la mfuko wako. Anayekwenda hospitali na mgonjwa, au mwenye kikao cha saa 8 mchana, jibu lake liko wazi. Anayekwenda harusi ya Jumamosi na ana magunia mawili ya mihogo, naye jibu lake liko wazi.

Mvua zikikata barabara, ndege ni uhakika?

Ni uhakika zaidi kuliko basi, lakini si uhakika kamili. Mapema Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya kusini upande wa Somanga, mabasi yalikwama na aliyekuwa na haraka alitazama juu. Tatizo ni kwamba siku kama hizo kila mtu anatazama juu. ATR 72 ina siti kama 70 na Bombadia 76 hivi. Basi moja na nusu, ndege imejaa.

Hali hiyo hutokea pia bila mvua, msimu wa minada ya korosho unapoanza kama Oktoba. Wanunuzi, mabenki, wasafirishaji, wote wanataka siti za siku zilezile. Nunua mapema.

Hali ya hewa ikiwa mbaya Mtwara, ndege inafanya nini?

Inasubiri kwa kuzunguka, au inakwenda uwanja mwingine, mara nyingi inarudi ilikotoka. Kanuni za usafiri wa anga zinaitaka ibebe mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba, na juu yake akiba ya kuzunguka dakika 30 kwa ndege za injini za tabaini kama hizi. Ukisikia "tunarudi Dar" usidhani mafuta yameisha; inaweza kurudi kwa sababu yapo. Dar hadi Mtwara halafu kurudi bila kutua inaweza kuwa safari ya saa mbili inayokushusha palepale ulipopandia. Inaudhi. Uliza kaunta kuhusu kupangiwa ndege nyingine kabla hujatoka nje ya jengo.

## Siti na dirisha

Nikae upande gani nione pwani?

Ukishuka kwenda Mtwara, kaa kulia. Kama anga ni safi na ndege imefuata mstari wake, utaona Songo Songo na visiwa vya Kilwa. Waliokaa kushoto wanapata Mafia mapema, baada ya delta ya Rufiji, kisha bahari tupu. Ukipanda kwenda Dar geuza: pwani iko kushoto.

Delta ndiyo ya kuitafuta. Maji ya kahawia yamejigawa kama mizizi katikati ya mikoko, na pale yanapokutana na bahari kuna mpaka wa rangi unaoonekana kana kwamba mtu ameuchora kwa kidole. Uko kwenye robo ya kwanza ya safari kutoka Dar, dakika 15 hadi 20 baada ya kuruka. Wengi wakati huo wanafungua maji ya chupa.

Kwenye ATR wa kwanza kushuka ni wa mbele?

Ni wa nyuma. Mlango wa abiria wa ATR uko nyuma kushoto, na mizigo inakaa mbele. Wenye haraka wanaong'ang'ania siti ya kwanza wanajikuta wa mwisho.

Uwanja wa Mtwara unaweza kupokea ndege kubwa?

Unapokea jeti za kati. Ukarabati mkubwa uliifikisha njia ya kuruka na kutua urefu wa mita 2,800 na upana wa mita 45, ambao unatosha ndege kama A220. Wenyeji walioukuta uwanja wa zamani wanasema Mtwara kuchele, yaani kumekucha, na kwa hili hatuwabishii.

## Lindi, Masasi na majirani

Niko Lindi mjini. Niende Mtwara kupanda ndege?

Fikiria mara mbili. Lindi ina uwanja wake, Kikwetu, kaskazini mwa mji. Kwa mstari ulionyooka uko kilomita 334 kutoka Dar na 71 kutoka uwanja wa Mtwara. Uwanja kuwa na msimbo si sawa na kuwa na ndege ya kila siku, kwa hiyo anza kwa kuulizia ratiba.

Kama unalazimika kupandia Mtwara, unakwenda kusini zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ili uruke kaskazini juu ya njia ileile. Jumlisha saa mbili za gari na zile saa nne na nusu za swali la basi: unapata sita na nusu. Basi la Lindi hadi Dar, kilomita kama 450, linachukua muda wa karibu na huo. Sisi tunauza tiketi, na bado tunakwambia panda basi, labda kama mgongo hauruhusu.

Na Masasi, Newala, Tandahimba?

Hapo ndege ina maana zaidi, maana kwa basi ungetumia siku nzima. Masasi hadi Mtwara ni kama kilomita 200. Kama ndege ni ya asubuhi, lala Mtwara. Kutegemea gari la alfajiri kutoka Masasi ni kucheza kamari na pancha.

Naweza kwenda Dodoma au Mwanza bila kupitia Dar?

Kwa kawaida unabadilisha Dar. Mtwara hadi Dodoma kwa mstari ni kama kilomita 670, kupitia Dar zinakuwa kama 790. Mwanza ni kama 1,185 kwa mstari na karibu 1,250 kupitia Dar. Kilomita unazozunguka si nyingi, muda unaisha kwenye kusubiri. Acha angalau saa mbili kati ya ndege na ndege.

Nikiunganisha kwenda nje ya nchi?

Ndege za ndani zinatumia Jengo la Pili, za kimataifa zinatumia Jengo la Tatu lililoanza kazi 2019. Majengo ni mawili tofauti: unatoka nje na kuingia upya, na ukaguzi unaanza upya. Kama tiketi zako ni mbili, zilizonunuliwa mbalimbali, ya pili haikusubiri ya kwanza ikichelewa. Acha saa nne au tano. Kama safari hiyo ni ya ada ya chuo au ya viza yenye tarehe, lala Dar.

Ni kweli Komoro iko karibu na Mtwara kuliko Dar?

Kweli. Uwanja wa Moroni uko kama kilomita 360 kwa mstari, Dar 397. Na Pemba ya Msumbiji iko karibu zaidi, kama 296. Ukaribu wa ramani haukupi ndege, lakini unaeleza kwa nini nusu ya ukoo wa mtu wa Mikindani unaweza kuwa ng'ambo ya Ruvuma.

Nimetafuta tiketi ya Pemba, nimeletewa Msumbiji. Vipi?

Pemba ni mbili. Kisiwa chetu ni PMA. Mji wa Msumbiji, uliokuwa ukiitwa Porto Amélia enzi za Wareno, ni POL. Programu nyingi zinaonyesha jina "Pemba" tu, na ukibonyeza haraka unalipia nchi nyingine, yenye pasipoti na saa moja nyuma yetu. Kabla ya kulipa, soma zile herufi tatu. Kama umeshalipa, piga simu siku hiyohiyo, kwa sababu masharti ya kubadilisha hukaza kadiri tarehe ya safari inavyokaribia.